Deni limenibadilishia njia ya kwenda sokoni

BARUA

Shangazi, assalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nnaishi Wete, Pemba. Mume wangu ni mwalimu wa skuli ya serikali, na tunakaa pamoja na mama yake. Mwenyewe nakaanga maandazi na chapati, nauza asubuhi jirani na skuli. Skuli zikiwa wazi napata faida kama shilingi 6,000 kwa siku. Zikifungwa, au mvua za masika zikishika kama hizi tulizonazo, beseni hurudi nusu na jioni nauza kwa bei ya kutupa.

Mwaka wa tatu huu tangu mume achukue mkopo benki wa kuezekea nyumba, wa miaka mitano. Bati tumelipata na hatuvujiwi, alhamdulillah. Lakini mshahara unakatwa kabla haujamfikia, mkononi unabakia 290,000. Mimi ananikabidhi 180,000 ya matumizi. Iliyobaki ni nauli yake, umeme, king'amuzi cha mpira cha 30,000 na mambo yake mengine. Mwanzo tukijibana zinatosha. Kisha mchele ukapanda, sukari ikapanda, mafuta nayo, na mimi nikaanza kumwambia mwenye duka "niandikie".

Sasa nakutajia ninavyodaiwa, na hii ndiyo mara ya kwanza kuyataja yote pamoja. Dukani 385,000, humo mna vya nyumbani na unga wangu wa maandazi. Mkopo wa laini ya simu 60,000; huo kila nikitumiwa fedha na mteja unajikata wenyewe, na jioni yake nakopa tena. Kuna programu niliyoipakua, nilichukua 150,000 kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, sasa wanasema imefika 210,000 na wananitumia meseji kwamba watawaandikia watu wote waliomo kwenye simu yangu. Kikundi chetu cha hisa nimebakisha 280,000, narejesha 40,000 kila mwezi. Na shoga yangu wa tangu utotoni alinikopesha 200,000. Mama yake anaumwa, anataka kumvusha Unguja ampeleke hospitali ya Mnazi Mmoja, na mimi najua. Siku hizi nikienda sokoni nazungukia njia ya nyuma ili nisipite mlangoni kwake. Jumla ni 1,135,000.

Mume wangu anajua la benki na la kikundi. La duka analijua nusu. La simu na la shoga yangu halijui kabisa.

Zimenijia njia mbili. Ya kwanza, mtoto wa ami yangu yuko tayari kunipa 500,000 taslimu, kisha karafuu za miti yangu minane niliyorithi Mtambwe ziwe zake msimu huu. Miti bado haijaonyesha kitu. Ya pili, mume wangu mwenyewe anasema atakwenda benki aongeze mkopo, achukue 2,000,000 "tupumue", na hapo hajui hata nusu ya ninayodaiwa.

Watu wananambia nibane matumizi. Nibane nini, Shangazi? Nyama tunaiona sikukuu. Nimekupigia picha ukurasa wa wiki moja wa daftari la duka ujionee kwamba hakuna anasa. Mama mkwe wangu anapokea pensheni jamii 50,000, na mwezi uliopita alinipa yote bila ya kumwomba. Niliingia jikoni nikalia. Na baada ya Idi kubwa kuna harusi tatu za ukoo, kila moja na sare yake, 35,000 pamoja na mshono. Mchezo ninaocheza ni wa wanawake 12, kila wiki 10,000. Mimi ni wa tisa, na wiki hii kapokea wa saba.

Nisaidie kabla mume hajakwenda benki.

Mwenye Kujificha, Wete

JIBU

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Marahaba.

Nianze na mtoto wa ami yako, maana yeye ndiye mwenye haraka. Mwambie hapana, na mwambie kwa upole kwa sababu ni damu yako. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: mwaka mmoja matawi yanainama, mwaka unaofuata mti unapumzika. Yeye analijua hilo kama unavyolijua wewe. Ikiwa huu ni mwaka wa mavuno, nusu milioni ni bei ya kuokota. Ikiwa si mwaka wa mavuno, yeye atakuwa kapoteza, na utakuwa umejipatia mdai wa sita ambaye mtakutana naye kila hitma. Na kabla ya yote muulize sheikh wako wa mtaani. Mtume (s.a.w.) kakataza kuuza matunda mtini kabla hayajaanza kuonekana kuwa yamesalimika, na yako hayajatoka hata kichwa.

Miti hiyo ivune mwenyewe ikizaa. Mpemba humfundishi karafuu, lakini nakukumbusha hesabu kwa sababu mwenye dhiki huona fedha ya leo tu. Mbichi zikikauka zinabaki kama theluthi ya uzito. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, na hiyo ndiyo gharama kubwa. Kuchambua mnaweza wenyewe usiku, wewe na watoto na hata bibi yao akipenda, na hapo umeshaokoa ujira. Anika kwenye majamvi, usianike barabarani, na mvua ikitisha anua upesi, maana zikivunda zikawa mpeta daraja linashuka na bei inashuka nalo. Makonyo usiyatupe, nayo yanauzika. Kisha peleka kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali, ambalo ndilo peke yake lenye ruhusa ya kununua karafuu Zanzibar. Pita hapo hata kabla ya msimu uwaulize kama mwaka huu wana mkopo wa kuvunia kwa wakulima. Atakayekunong'oneza habari za kuvusha usiku kwa magendo, usimpe hata kiti. Wewe una madeni, huna haja ya kesi.

Ila fedha ya karafuu usiihesabu leo. Ikija, ni faraja. Mpango ninaokupa hapa unasimama bila ya karafuu hata kikonyo kimoja.

La benki sasa. Mume wako anaposema "kuongeza mkopo", watu wengi hudhani ni kama kuongeza maji kwenye mtungi. Sivyo inavyokwenda. Kwa kawaida benki inachukua deni lililobaki, inalifunga kwa mkopo mpya, na mkopo mpya unaanza kuhesabiwa upya. Mmebakiza miaka miwili. Akisaini, mtakuwa na mitano mengine, na mshahara unaoingia mkononi huenda ukashuka chini ya hizo 290,000. Nitasema ukweli wote: kwa deni la ile programu peke yake, fedha ya benki ni nafuu kuliko wanavyokuhesabia wao. Lakini daftari la duka likiwa bado wazi, hiyo milioni mbili itayafunika madeni miezi mitatu, na mwezi wa nne mtaanza kuandikisha tena, safari hii mkiwa na makato makubwa zaidi. Nimewaona wengi wa namna hii, walimu kwa wauguzi, wenye mshahara wa uhakika na sufuria tupu.

Haya, nije kwenye picha uliyonitumia, kwa sababu jibu lako limo humo. Nimeivuta nikaisoma mstari kwa mstari.

Unasema hakuna anasa, na ni kweli, sikuona. Nilichokiona ni hiki. Boflo nne kila siku, 300 moja, siku saba: 8,400. Mwanangu, wewe unaamka saa kumi alfajiri ukande unga wa watoto wa watu, halafu wako wanakwenda skuli na boflo ya mkopo! Najua kwa nini. Unaona kila andazi linaloliwa nyumbani ni fedha iliyotoka kwenye beseni. Lakini andazi lako linakugharimu unga, sukari kidogo na mafuta, boflo inakugharimu faida ya mwokaji na ya mwenye duka. Kanda zaidi kidogo. Na siku mbili tatu za wiki chemsha muhogo au viazi vitamu, mnywe na chai ya rangi. Hapo Pemba, si Dubai. Muhogo hauna uhaba.

Sukari robo mara tano, kila robo 1,000. Kwa wiki umenunua kilo na robo kwa 5,000, na bei ya kilo nzima kwa fedha mkononi umeniandikia mwenyewe pembeni ya picha: 3,000. Mafuta ya kipimo cha 500 mara tisa. Hiyo ndiyo adhabu ya kununua kwa vidonge, na mwenye kuilipa kila siku ni yule asiye na kitu. Mwenye mshahara mnono anachukua polo la mchele na dumu la mafuta, analipa kidogo kwa kila kilo. Wewe huwezi polo, sawa. Lakini kilo ya sukari na lita ya mafuta kwa mara moja unaziweza, ukianza na faida ya siku mbili.

Vocha mara sita, 6,000. Vocha ya mkopo! Nilipofika hapo nikaiweka simu chini kidogo. Unanunua bando kwa deni la duka ili uingie kwenye simu ukope deni jengine. Kata mpaka moja kwa wiki. Wateja wa chapati watakupigia wao.

Soda nne, 2,800, na pembeni mwenye duka kaandika "wageni". Hapa najua nagusa kidonda, kwa sababu kwetu mgeni hatoki mkavu. Mpe chai ya tangawizi na andazi, au maji ya ndimu. Mgeni atakayekwenda kusema kwamba nyumba ya mwalimu hawatoi soda, mwache aseme, naye ana daftari lake mahali.

Nimejumlisha. Kwa kuondoa boflo, soda na vocha tano, na kununua sukari na mafuta kwa kipimo kikubwa, baada ya kutoa gharama ya unga na muhogo zinabaki kama 15,000 kwa wiki. Kwa mwezi ni 60,000, na hakuna mtoto aliyelala na njaa. Wanaokwambia ubane matumizi wanadhani utapunguza wali wa watoto. Wali wa watoto usiuguse. Samaki pia usimwondoe, badilisha unavyomnunua. Siku upepo wa kusi ukikaza na wavuvi wasitoke, changu atakuwa na bei ya dhahabu, basi siku hiyo ni dagaa au ng'onda kwa tui na bamia. Siku vibua wamejaa dikoni, shuka jioni wakati wachuuzi wanataka kurudi makwao. Mwanamme wa kipemba hula papa mkavu akalamba vidole, asikutishe. Shelisheli likiwa msimu wake, pika la nazi usiku mara moja kwa wiki badala ya wali, mama mkwe wako atakuombea dua.

La unga wa biashara ni zito kuliko yote hayo, na wewe umelipita kwa maneno matatu. Unga wa maandazi na mchele wa nyumbani wako kwenye daftari moja, ndiyo maana hujui kama unapata faida 6,000 au unapata deni. Kuanzia kesho tafuta kopo. Ukirudi na beseni, kabla hujanunua hata kiberiti, toa fedha ya unga, mafuta na sukari ya kesho utie kwenye kopo. Inayobaki ndiyo faida, na hiyo tu ndiyo inayoliwa. Siku ya mvua pika nusu. Unajua mawingu ya masika yanavyokuja tangu usiku, usikande kilo nne kwa ukaidi.

Sasa nenda kwa mwenye duka. Nenda asubuhi mapema wakati hakuna watu, na mkononi uwe na kitu, hata 5,000. Mwambie: "Daftari langu lifunge. Deni langu ni 385,000, nitakuletea 5,000 kila wiki, nikipata zaidi nitaongeza, na kuanzia leo nnanunua kwa fedha." Mwombe mlijumlishe pamoja, mstari kwa mstari, na wewe uandike kwako. Katika Suratul Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuliandika deni, na kuandika ni kwa pande mbili. Yaliyo kwenye daftari lake peke yake ni kumbukumbu yake. Na usihamie duka jengine. Mwenye kudai akikuona kila siku ukinunua kwa fedha kwengine, hapo ndipo anapokuvunjia heshima mbele za watu.

Kwenye programu ya simu, shusha presha kwanza. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zisizokuwa na leseni, basi angalia kama hao wako wamo. Meseji zote za vitisho zitunze, usizifute kwa hasira. Ingia kwenye mipangilio ya simu uifungie ruhusa ya kusoma majina na namba za watu. Lakini 150,000 ulizozipokea ni deni, wana leseni wasiwe nayo. Waandikie kwamba utalipa kwa mafungu na unataka adhabu isimame, na kila unacholipa uwe na ushahidi wake. Na usikope kwa mwengine ili uwalipe hawa. Wanachotegemea wao ni aibu yako. Ukishawaambia mwenyewe mume wako na dada zako wawili watatu kwamba kuna meseji za kipuuzi zinaweza kuwafikia, umewapokonya fimbo.

Na hapo tumefika kwa mume.

Mwambie leo, au kesho, baada ya isha, akiwa kashakula na mama yake kashalala. Usimwambie kwa mdomo mtupu. Andika karatasi moja: nani, kiasi gani, kilienda wapi. Chini yake andika unachokusudia kufanya. Mwanamme akipewa habari ya deni bila ya hesabu, anasikia lawama. Akipewa karatasi, anatafuta kalamu, hasa mwalimu. Atakasirika kwa yale ya simu na ana haki, ulimficha. Muache akasirike. Lakini na wewe usiinamishe kichwa kupita kiasi: deni la mchele na sukari ya nyumba si lako peke yako. Katika dini yetu matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, na faida ya maandazi ni mali yako. Unachotia humo ni hisani yako kwake. Hilo usimwambie kwa kumsuta, mwambie kwa sababu litabadilisha hesabu. Kama nyumba inahitaji zaidi ya 180,000, ajue hivyo mwezi ukiandama, asijue kwa mwenye duka.

Shoga yako. Hapa nitatofautiana na wenye hesabu zao, ambao watakwambia ulipe kwanza deni linalokua. Kwa kawaida ndivyo, na mimi ningesema hivyo. Lakini huyu ana mgonjwa anayengoja boti. Wiki mbili zijazo mchezo unakufikia wewe, 120,000. Mpe yeye 100,000 siku hiyo hiyo kabla fedha haijalala ndani, na 20,000 mpe mwenye duka. Lakini usingoje wiki mbili ndiyo uende. Nenda kesho, mikono mitupu, ukae naye. Mwambie siku na kiasi. Kisha muulize mgonjwa anaendeleaje, na kama anasafiri mwambie watoto wake watapitia kwako asubuhi wapate chai. Umemkwepa kwa wiki ngapi sijui, lakini hakika yeye ameshaona kwamba njia ya mbele huipiti.

Baada ya hapo mambo yananyooka kwa utaratibu wake. Akiba ya mwezi wa kwanza, ile 60,000, inamaliza deni la laini. Likiisha usilibonyeze tena, na kwa muda pokea fedha za wateja mkononi. Duka toa 5,000 zake humo humo kila wiki, hata kama deni la laini litachelewa wiki moja au mbili. Kisha nguvu yote iende kwenye programu mpaka iishe, kisha 100,000 ya shoga yako iliyobaki, kisha duka. Kikundi usikiguse, endelea na 40,000 zako. Hao ni wenzako, na ukiwaharibia leo hutakuwa na pa kukimbilia kesho. Mchezo malizia mpaka wa kumi na mbili apokee, maana umekula fedha za watu, lakini mzunguko ujao usiingie. Hiyo inakuachia 40,000 nyengine kwa mwezi. Nikiweka miezi ya likizo na mvua, sioni mwaka mzima ukipita ukiwa bado unadaiwa. Karafuu zikija, ni mapema zaidi.

Pensheni ya bibi ni yake mwenyewe. Ilipoanza mwaka 2016 ilikuwa 20,000, na imepanda mpaka 50,000 kwa ajili ya wazee waliofika miaka 70, wapate sabuni yao, dawa zao na peremende za wajukuu. Mwezi ujao akikupa, chukua 5,000 kwa adabu umbusu mkono, nyengine mwachie.

Sare. Harusi tatu ni 105,000, na fedha hiyo huna, kwa hiyo itakuwa deni, kama ilivyokuwa ya mdogo wako. Wazee walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Sijawahi kuona mtu akirudishwa mlangoni pa harusi kwa sababu kanga yake si ya rangi ya wenzake. Wapo watakaotazamana, hilo sikufichi, na wifi mmoja hakosi kusema neno. Wewe nenda tangu usiku wa kupika. Menya vitunguu, kuna nazi, kanda maandazi mia mbili kwa mkono wako unaojulikana mji mzima, na siku ya ukumbi vaa nguo ya Idi. Mama wa bibi harusi atakumbuka aliyekesha naye jikoni.

Vidogo vya mwisho. Pasi ya sare za skuli pigeni mara moja, Jumapili, si kila asubuhi. Pasi ndiyo inayokula umeme wenu wa Tukuza kuliko taa zote. Ukikuta umezidiwa kweli, usione haya kumweleza sheha au imamu wa msikiti wako kwa siri: katika aina nane za wanaostahiki zaka zilizotajwa katika Suratut Tawba, mwenye kulemewa na deni ni mmoja wao, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inapokea na kugawa zaka. Sijui kwa nini watu wetu wanaona aibu kuomba haki waliyopewa na Mungu halafu hawaoni aibu kukopa kwa mtu wasiyemjua kwenye simu.

Limebaki la king'amuzi, na nimeliacha makusudi. Ni 30,000 kwa mwezi, robo tatu ya marejesho yako ya kikundi. Usianze nalo usiku wa karatasi, utaharibu mazungumzo yote. Mwachie aione mwenyewe kwenye hesabu, iandike kwa mwandiko ule ule mdogo kama kiberiti na sabuni. Akiikata, mwambie ahsante. Akishikilia kwamba ligi haijaisha, basi ailipe kutoka kwenye mfuko wake, na majirani wanaokuja kutazama mechi sebuleni kwenu wanunue chapati.